Miguu ya Maganga

Kuna watu wawili ambao wahenga waliwatazama kwa makini kabla ya kutoa hukumu yao. Wa kwanza ni yule atokaye nyumbani pasipo safari maalumu, akaifuata njia kwa kuwa njia ipo. Wa pili ni yule aketiye barazani kutwa, mikono kifuani, akingoja heri imkute hapo alipo. Wote wawili hawana kazi, na jioni wote wawili huonekana mikono mitupu. Hata hivyo wahenga hawakuwapima kwa mizani moja. Walisema mmoja wao ana nafasi ambayo mwenzake hana, na yaliyompata Maganga, dereva wa zamani wa mgodini, yanaonyesha nafasi hiyo ni ipi.

Maganga alikuwa mzaliwa wa Songwa, huko Kishapu, lakini utu uzima wake aliutumia Kahama, nyuma ya usukani. Kwa miaka mingi aliendesha basi la wafanyakazi wa mgodi wa Buzwagi, akipeleka zamu ya asubuhi na kurudisha zamu ya usiku, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kugonga hata kuku. Kwa safari zake mwenyewe alikuwa na gari lake, Noah nyeupe, aliyoiosha kwa mikono yake kama mama aogeshavyo mtoto. Mtaani hakuna aliyemtambua kwa jina la baba yake. Alikuwa Maganga wa Noah, na jina hilo lilimkaa kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo cha kichwa chake.

Mgodi ulipofunga shughuli zake, wengi walishika tama. Maganga hakujali sana, maana alijua dereva mzuri hakosi gari. Lililomvunja lilikuja kimyakimya, kama maji yanayopanda ukutani. Alianza kugonga bega kwenye vizingiti vya milango. Chai iliyowekwa pembeni mwake aliimwaga, na watu waliomjia kutoka ubavuni walimshtua kama mizimu. Mkewe, Ritha, alimsihi mpaka akakubali kwenda kwa daktari wa macho.

"Ni presha ya macho," daktari alisema baada ya vipimo. "Mbele unaona vizuri, ila pembeni panafungwa polepole kama pazia. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa hizi za matone zitalinda kilichobaki. Lakini mzee wangu, usiendeshe tena gari."

Noah iliuzwa mwezi uleule. Ritha ndiye aliyezungumza na mnunuzi, kwa kuwa mwenye gari alijifungia chumbani hadi mngurumo wa Noah ulipopotea mwisho wa mtaa. Haukupita muda mrefu, wakakubaliana kuhama. Binti yao wa pekee, Loveness, alikuwa ameolewa Mwanza, na nyumba ya kupanga mjini haikuwa na maana tena. Marehemu shangazi yake Ritha alimwachia shamba na nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma huko Busenda, kitongoji kilicho nje kidogo ya Runzewe. Wakafunga virago, wakaenda kuanza upya.

Busenda ilikaa kando ya barabara ya moramu, nyekundu kama kidonda kibichi, iliyotoka Runzewe, ikapenya kwenye miombo, ikavuka kijito cha Nyakahongo juu ya kalavati la zamani, kisha ikaendelea hadi kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Kutoka Busenda hadi Runzewe kwa miguu ilikuwa safari ya asubuhi nzuri. Mwenye haraka alipanda bodaboda, au alingoja mchomoko, yaani moja ya magari madogo ya kubebea abiria yaliyopita yakiacha mkia wa vumbi. Waliobaki walitembea, wala hawakuona ajabu.

Maganga aliona ajabu. Aliweka kiti chake barazani, akakielekeza barabarani, na hapo ndipo palipokuwa kituo chake tangu chai ya asubuhi hadi mbuzi wanaporudi. Gari likipita alilisikiliza kama mganga asikilizavyo kifua cha mgonjwa. "Huyo beringi imekwisha," alisema peke yake. "Huyo anakanyaga klachi kama anaua nyoka." Gari likishapotea, kimya kilirudi, naye alirudi kwenye mawazo yake.

Ritha yeye alikuwa hakauki njiani. Alikwenda shambani kwa miguu, kanisani kwa miguu, gulioni kwa miguu. Mwezi haukuisha kabla hajawajua wanawake wote wa jumuiya yake na watoto wao kwa majina. Kila mara alijaribu kumvuta mumewe kutoka kwenye kiti kile.

"Baba Loveness, kuna msiba kwa mzee Ndaki. Twende tukawape pole."

"Tutakwendaje?"

"Kwa miguu. Ni hapo tu nyuma ya kilima."

"Watu watasema nini? Mgeni anaingia msibani ana vumbi mpaka magotini."

"Watasema amekuja," Ritha alijibu.

Maganga hakwenda. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Aliona haya, na haya yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kufika mahali akisikika kabla ya kuonekana. Alihisi kwamba akitembea barabarani kila mtu atajua kuwa Maganga wa Noah hayupo tena. Hakufikiri kwamba Busenda hakuna aliyewahi kumjua Maganga wa Noah.

Siku moja ya gulio Ritha alirudi amebeba gunia la mihogo kichwani na ndoo ya dagaa mkononi. Jua lilikuwa kali, na mwinuko wa kutokea kijitoni ulimfanya asimame mara kwa mara kupumua. Mumewe alimwona tangu alipoibuka. Alimtazama akipanda, akamtazama akikaribia, akamtazama akitua mzigo barazani.

"Ungeita bodaboda," Maganga alisema.

Ritha alijifuta jasho kwa upande wa kanga. Hakupandisha sauti.

"Umeniona tangu kule chini," alisema. "Umeniangalia njia nzima. Hukunyanyuka hata kunipokea ndoo. Daktari alisema macho ndiyo yanayoumwa, Baba Loveness. Miguu yako ina ugonjwa gani?"

Maneno hayo yalimwingia Maganga kama mwiba wa mgunga. Alisimama, akavaa kofia, akashuka ngazi.

"Unakwenda wapi?" mkewe aliuliza.

"Siendi popote."

"Basi nenda salama," Ritha alisema, na hakuwa anamdhihaki.

Ndivyo Maganga alivyoanza kutembea, kwa hasira, pasipo pa kwenda. Alifuata barabara mpaka kwenye kijito, akasimama juu ya kalavati, akatazama maji, akarudi. Jioni ile alikula ugali kwa hamu ambayo hakuikumbuka tangu Kahama. Kesho yake alitoka tena. Keshokutwa akaenda mbali zaidi, hadi njiapanda, na wiki iliyofuata alifika Runzewe na kurudi kabla ya jioni.

Mwanzoni alitembea ameinamisha kichwa, akihofia kuulizwa maswali. Na kweli, katika nchi ya wachimbaji, mgeni anayezurura huku macho yakiwa chini hawezi kuachwa bila kusemwa. Ikavuma kwamba mzee yule alitoka mgodini Buzwagi, anajua mawe, na bila shaka amenusa mwamba wa dhahabu mahali fulani. Watu wawili wenye sururu wakawa wanamfuata kwa mbali. Akisimama, nao wanasimama. Akigeukia kichakani kujisaidia, nao wanangoja, kisha wanapakagua pale alipokuwa amesimama.

Aliyemaliza uvumi huo ni Chausiku, mwanamke wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora zamani, ambaye alikaanga vitumbua pale njiapanda. Kila aliyepita alimjua Chausiku, naye alimjua kila aliyepita.

"Shikamoo mzee," alimwita Maganga asubuhi moja.

"Marahaba mama."

"Nakuona kila siku unapita, unarudi. Unaelekea wapi?"

"Natembea tu."

"Natembea tu ndiyo wapi huko?"

Maganga alifikiri. Kwa mara ya kwanza tangu afike Busenda akajikuta anacheka. Alikaa kwenye benchi, akapewa kitumbua cha moto, akaeleza yote, basi la wafanyakazi, Noah, macho na lile swali la mkewe. Chausiku alisikiliza huku akigeuza vitumbua. Wale wenye sururu walipotokea, akawaambia, "Nyie, nendeni kwenye duara lenu mkachimbe. Huyu hatafuti dhahabu. Huyu anatafuta pa kuipeleka miguu yake."

Tangu siku hiyo wakamwita Mzee Natembea Tu. Lilikuwa jina la mzaha, lakini lilikuwa jina. Wanawake waliokwenda mtoni walimwamkia, naye aliwaitikia. Wafugaji wa Kisukuma waliposikia akijibu salamu yao ya asubuhi, "mwangaluka", kwa lafudhi ya Kishapu walisimamisha ng'ombe wao ili waulizane koo. Alijua nani amejifungua, nani ameunguliwa na nyumba, mtego wa nguruwe umetegwa kwenye kijia kipi. Kijito kikijaa alijua mahali pa juu ambapo mkuyu mkubwa uliangukia ng'ambo na kuwa daraja. Na siku moja, ingawa msiba ulikuwa umepita zamani, alikwenda kwa mzee Ndaki nyuma ya kilima, vumbi mpaka magotini, akampa pole. Mzee yule alimshika mkono muda mrefu.

Kutembea kulimpa pia jambo ambalo hakulitaka. Alikuwa akikaribia njiapanda, mawazo yametulia, alipopigwa dafrao na baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa. Mtu na baiskeli walianguka upande mmoja, Maganga upande mwingine.

"Mzee, nimepiga kengele tangu kule," alisema mwenye mkaa, akijinyanyua. "Nilikuwa ubavuni mwako kabisa. Hukuniona?"

Hakuwa amemwona. Mkaa ulipookotwa na mtu yule akaenda zake, Maganga alikaa juu ya jiwe. Akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele, kisha akausogeza pembeni polepole. Mkono ulipotea haraka kuliko alivyotazamia. Akajaribu wa kulia, nao ukapotea. Alikuwa amemsikia daktari kwa masikio, lakini ndani ya moyo alikuwa amebaki na kiburi cha dereva, kwamba madaktari wanakuza mambo, kwamba siku moja usukani utamrudia. Pale juu ya jiwe, mwili ukiwa na vumbi la mkaa, ndipo alipoamini.

Ilitokea kwamba wiki ileile Salehe alimjia nyumbani. Salehe alikuwa mfanyabiashara wa Runzewe, mtu mpole mwenye michomoko miwili. Dereva wake mmoja alikuwa ameacha usukani na kukimbilia machimboni.

"Mzee Maganga, nimeambiwa wewe ni dereva wa mgodini," alisema baada ya salamu. "Watu wa mgodi wana nidhamu. Gari moja halina mtu. Njoo ulichukue, leseni yako unayo, na barabara hii unaijua kuliko sisi sote."

Mikono ya Maganga, iliyokuwa juu ya magoti, ilijikunja yenyewe kana kwamba imeshika kitu cha duara. Salehe hakuuliza habari za macho, kwa hiyo halikuwa suala la kudanganya. Lilikuwa suala la kunyamaza tu. Akasema, "Nipe mpaka kesho."

Ritha alikuwa anapepeta mahindi uani. Maneno yote aliyasikia, lakini mgeni alipoondoka aliendelea kupepeta. Maganga alimngojea aseme usiende, ili apate wa kugombana naye. Ritha hakumpa nafasi hiyo. Alimwekea matone ya dawa machoni kama kawaida, akamfuta shavu kwa kidole gumba, basi.

Asubuhi Maganga alitembea hadi Runzewe. Alimkuta Salehe akiosha vioo vya lile gari lenyewe.

"Simama hapa ubavuni mwangu," Maganga alimwambia. "Sasa nyoosha vidole, vyovyote."

Salehe, asiyeelewa, akanyoosha.

"Umenyoosha?"

"Nimenyoosha, mzee. Vitatu."

"Mimi sioni hata mkono," Maganga alisema, akiwa ametazama mbele. "Mtoto akitokea upande huo, nitamjua nikishamkanyaga. Tafuta dereva mwingine, Salehe. Nakushukuru kwa heshima uliyonipa."

Salehe alitua kitambaa alichokuwa akioshea vioo. "Nimeajiri madereva wengi," alisema. "Wengine walificha ulevi, wengine walificha kifafa. Hakuna aliyewahi kuja kunieleza kwa mguu wake." Akataka kumpeleka nyumbani kwa gari. Maganga akasema atatembea. Njiani alilia kidogo, machozi ya kawaida yasiyo na kelele, na alipofika njiapanda yalikuwa yamekauka.

Gari lile akapewa Edward, kijana wa Kahama, mwepesi wa mikono na mwenye adabu, ila mgeni wa njia.

Masika yakaja kwa kishindo. Mvua ilinyesha mfululizo, mashamba yakawa mabwawa, na Nyakahongo, kijito ambacho kiangazi mbuzi hukivuka bila kulowa tumbo, kikawa kinanguruma mchana kutwa. Asubuhi moja ilipopungua na kubaki manyunyu, Maganga alichukua kofia.

"Leo pumzika," Ritha alimwambia. "Njia imekuwa tope tupu. Huko una shughuli gani?"

"Sina."

"Si ungekaa basi, Baba Loveness."

"Nikikaa miguu inaniwasha," alisema, akatoka.

Aliteremka polepole, akichagua pa kukanyaga. Juu ya kalavati barabara ilikuwa imelala vilevile, nyekundu na tambarare, imelowa lakini nzima. Mtu aliyekuwa ndani ya gari asingeona tofauti yoyote. Maganga alikanyaga hatua ya kwanza, akasimama. Mlio wa kiatu chake ulikuwa umebadilika. Pale ambapo siku zote paliitika kwa uzito wa udongo, leo paliitika kama debe tupu. Alirudi nyuma, akashuka ukingoni kwa kushika nyasi, akachungulia chini.

Udongo haukuwapo. Maji yalikuwa yameukomba wote, bomba la zege limeachia na kulala kiupande, na juu yake barabara imebaki kama ukoko wa ugali uliotengana na sufuria. Mtu wa miguu pengine angevuka. Gari lisingevuka.

Akatoa simu, mtandao hakuna, mabondeni mle haukuwahi kuwapo. Basi akafanya lile ambalo dereva yeyote hulifanya. Alivunja matawi, akayapanga barabarani upande wake, mengi kadiri alivyoweza. Alikuwa bado anavuta tawi la mwisho aliposikia mchomoko ukija kutoka Busenda. Ulikuja kwa kasi, maana dereva alitaka kuupata msukumo wa kupanda kilima cha ng'ambo.

Hapo ndipo Maganga alipokumbuka jambo jingine. Kwenye misitu ile, miaka iliyopita, matawi barabarani asubuhi na mapema hayakuwa na maana ya hatari ya njia. Majambazi ndio waliokuwa wakiyaweka. Kila dereva wa ukanda ule alifundishwa na waliomtangulia kwamba ukiyakuta porini usisimame, kanyaga mafuta upite juu yake. Yeye mwenyewe aliwahi kuwafundisha wengine hivyo.

Na kweli gari halikupunguza mwendo. Lilipoona matawi liliongeza.

Maganga hakupiga kelele, kelele zisingesikika. Alivua koti lake, akalitupa, akavua na shati, ili ionekane kwamba hana panga wala bunduki. Kisha akapita mbele ya matawi na kuketi katikati ya barabara, kifua wazi, mvua ikimnyeshea, mikono miwili juu ya kichwa. Mbele aliona vizuri. Aliona taa, aliona kioo, aliona vifutio vikienda huku na huku. Akamfikiria Ritha na mahindi yake.

Yaliyokuwa yakitokea garini Chausiku alimsimulia baadaye. Edward alikuwa ameuma meno. "Ni mtego," alisema, "inameni vichwa." Abiria wakainama. Chausiku, aliyekuwa akitoka nyumbani kwake Busenda kwenda Runzewe kununua unga wa mchele, alikuwa kiti cha mbele, akainua uso kidogo.

"Edward, simama," alisema. "Huyo namjua. Ni Mzee Natembea Tu."

"Mama, jambazi hana sura."

"Huyo ana sura, na naijua. Kila siku anakula kitumbua kwangu. Simama, nakwambia."

Na kutoka kiti cha nyuma akadakia Vumilia, mwanamke aliyekuwa amempakata mtoto mchanga mwenye homa kali, akimkimbiza zahanati. "Ni kweli ni yeye," alisema. "Juzi alinibebea kuni."

Edward akakanyaga breki. Gari liliserereka kwenye tope, likapinda, likasimama likiwa limeyagusa magoti ya Maganga kwa bampa lake. Dereva akatoka.

"Mzee, unataka kufa? Unataka nifungwe?"

Maganga aliinuka kwa shida. "Njoo," alimwambia, akamshika mkono kama mzazi, akampeleka ukingoni. "Usikanyage katikati. Inama utazame chini."

Edward akainama. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Bado walikuwa wamesimama pale, kipande cha barabara kikaanza kudidimia chenyewe, taratibu, kama mtu mzima anayeketi baada ya kazi. Kilizama na matawi machache juu yake, maji yakakipokea, na mahali palipokuwa na njia pakabaki mwanya mpana wenye povu jekundu.

Abiria walikuwa wameshateremka. Mmoja alianza kusali kwa sauti ya chini. Chausiku aliokota koti la Maganga, akalikung'uta, akamvika mabegani.

"Na mtoto?" Vumilia aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tutavukaje na mtoto?"

Maganga alimgusa yule mchanga kwenye paji la uso, akaona ni moto kama jiwe la jikoni.

"Kuna mkuyu ulioanguka huko juu," alisema. "Umelala ng'ambo hadi ng'ambo, na maji hayajawahi kuufikia. Nifuateni. Edward, wewe zuia magari upande huu; ukipanda hapo kilimani nyuma yetu utapata mtandao, umpigie Salehe naye azuie upande wa Runzewe."

Aliwaongoza kwa kijia cha wachunga ng'ombe, nyuma yake Vumilia na mtoto, kisha Chausiku na wengine. Kwa kuwa macho yake hayakuona pembeni, Chausiku alimtajia matawi yaliyojitokeza ubavuni, naye akawaonyesha mawe yaliyo mbele. Walivuka mkuyu mmoja mmoja, wamevua viatu. Wakaikuta barabara ng'ambo ya pili, na kabla hawajachoka sana Salehe akawafikia na gari lake jingine, akageuza, akampeleka Vumilia zahanati moja kwa moja. Yule mtoto alikuwa na malaria. Alitibiwa, akapona, na siku hizi ana meno mawili.

Ritha alipata habari kabla mumewe hajarudi, maana habari haina miguu lakini hutangulia. Alimngoja barazani. Maganga alipofika, tope mpaka kifuani, hakumkumbatia wala hakumsifu. Alimletea maji ya moto ya kuoga, akakaa karibu naye, akasema, "Leo mimi ndiye niliyekwambia ukae."

"Uliniambia kwa wema," Maganga alijibu.

"Kwa wema, ndiyo. Gashi, kumbe wema nao hukosea."

Kalavati jipya lilijengwa mvua zilipokatika, na wanaume wa Busenda, mzee Ndaki akiwa mbele yao, walisomba mawe kwa mikokoteni ya ng'ombe. Salehe alimwambia Maganga kwamba atapanda bure gari lake lolote siku yoyote anayotaka. Maganga alishukuru, na siku za kwenda kliniki ya macho hupanda. Siku nyingine hutembea. Pazia la machoni mwake halijafunguka, nalo halitafunguka, lakini matone yanalizuia lisijifunge haraka, na upande wa kushoto, pale panapompa shida zaidi, mara nyingi siku hizi anatembea Ritha.

Naye Edward bado anaendesha njia ile. Akifika kwenye kijito huteremka kwanza, akalikanyaga kalavati kwa mguu wake na kusikiliza, abiria wakingoja. Wageni wakimuuliza anatafuta nini pale, wenyeji hujibu kabla yake: mtembea bure si mkaa bure, huenda akaokota.